Impreza ya turbo inapoteza maji ya rejeta: tafuta panapovuja, urekebishe nyumbani

Ikiwa kila wiki unaongeza nusu lita ya maji na sakafuni hakuna hata tone, maji hayo yana mahali yanapotokea, ila hujapaona bado. Mwongozo huu ni wa Subaru Impreza WRX na STI zenye injini ya EJ20 ya turbo, zile zilizotengenezwa kati ya 1992 na 2007, ambazo zimejaa Nairobi, Nakuru na Eldoret. Mengi yaliyomo yanafaa pia kwa Forester na Legacy za turbo za miaka hiyo, maana injini ni ya ukoo mmoja.

Wakenya walilipenda gari hili baada ya kuliona likipita kwenye vumbi mbele ya macho yao. Colin McRae alishinda nalo Safari Rally mwaka 1997, Richard Burns naye mwaka 2000. Lakini gari la rali lina mafundi wanaolisubiri kila kituo. La kwako lina karibu miaka ishirini au zaidi, mipira yake imekauka, plastiki ya rejeta imebadilika rangi, na huenda kuna mtu ameshakushauri ununue injini nyingine wakati kilicholegea ni klipu moja.

Ninavyoiona kazi hii, kubadilisha mpira uliopasuka ndiyo sehemu ndogo kabisa. Jasho liko kwenye kutafuta panapovuja, kisha kwenye kutoa hewa baada ya kujaza. Wanaoruka hayo mawili ndio wanaorudi gereji mwezi ujao wakiwa na gasketi iliyoungua, yaani kile kizibio kati ya bloku ya injini na kichwa chake (silinda hedi).

Kwanza elewa presha

Mfumo wa kupoza injini umefungwa ili ushikilie presha. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na katika mwinuko huo maji matupu yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Sasa tazama: themostati ya EJ20, yaani valvu inayofunguka kwa joto kuruhusu maji yazunguke kupitia rejeta, huanza kufunguka kati ya nyuzi 76 na 80, hufunguka yote kwenye 91, na feni huja kuwaka karibu na nyuzi 95. Gari lililojazwa maji ya bomba, lenye kifuniko kilichochoka, likikwama kwenye foleni ya Mombasa Road, linaweza kuanza kuchemka kabla feni haijawaka. Kifuniko kizima cha bar 1.1 (bar ni kipimo cha presha) hupandisha kiwango cha kuchemka hadi karibu nyuzi 118, na hapo hujatia kulanti yoyote, yaani ile dawa ya kupozea injini inayochanganywa na maji. Ni kanuni ileile ya sufuria la presha la kupikia githeri.

Kwa hiyo tundu dogo linakuibia presha kwanza, maji baadaye. Ndiyo maana gari linaweza kupanda joto ilhali ukikagua unaona maji yamepungua kidogo tu.

Injini hizi zina vifuniko viwili, na hapo wengi huchanganya mambo. Kimoja kiko juu ya rejeta. Cha pili kiko kwenye tanki dogo la kujazia, lililo mahali pa juu kabisa pa mfumo, upande wa dereva, jirani na turbo. Cha tanki hufunguka kwa presha ndogo zaidi, takriban bar 1.1. Cha rejeta ni kigumu zaidi, ili maji ya ziada yatokee kwenye tanki na kwenda kwenye chupa ya akiba. Namba imepigwa chapa juu ya kila kifuniko. Isome, na usivibadilishane hata kama vyote vinaingia vizuri. Ukiona raba ya ndani imekuwa ngumu, imepasuka au ina alama ya mduara iliyozama, nunua kipya kabla hujagusa kitu kingine. Ni kipuri cha bei ndogo na mara nyingi ndicho chenyewe chenye kosa.

Usalama, kwa ufupi lakini kwa dhati: usifungue kifuniko chochote injini ikiwa moto. Binya mpira wa juu wa rejeta. Ukiwa mgumu kama umejazwa upepo, ondoka, rudi baada ya saa mbili. Maji ya nyuzi 100 na ushei yakipata njia huruka hadi usoni. Na kulanti ya ethilini glaikoli ni sumu tamu. Mbwa, paka na watoto huionja kwa sababu ya utamu huo. Beseni lisiachwe wazi uani hata dakika kumi.

Vya kuandaa

Spana na soketi za 10, 12 na 14, bisibisi ya nyota na ya bapa, koleo, jeki, stendi mbili imara, beseni la lita kumi, faneli, tochi, glavu na miwani ya kukinga macho. Usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Na mawe au matofali si stendi.

Kitu kimoja ambacho wengi hawana ni pampu ya kupimia presha ya rejeta, yenye geji na vifuniko vya kubadilisha. Hakuna haja ya kuinunua kwa kazi moja. Muulize fundi wa rejeta wa mtaani akukodishie kwa saa chache, au pelekea gari hapo likiwa baridi apime mbele yako, kisha kazi ya mikono uifanye mwenyewe nyumbani.

Upande wa maji, nunua kulanti inayofaa injini za alumini, iwe iliyokwisha kuchanganywa au ya kuchanganya nusu kwa nusu. Mfumo mzima unachukua kati ya lita 7 na 8. Ukinunua ile nzito, changanya na maji yaliyosafishwa, yale yanayouzwa vituo vya mafuta kama maji ya betri. Soma lebo vizuri, kwa sababu kwenye rafu hiyohiyo kuna asidi ya betri. Maji ya kisima yana chumvi na madini yanayoganda ndani ya mirija ya rejeta. Pwani ndiyo usiseme. Usichanganye kulanti ya kijani na ya buluu au nyekundu kwa kukisia rangi. Kama hujui iliyomo ni ipi, mwaga yote uanze upya.

Kutafuta panapovuja

Anza asubuhi, gari likiwa limelala. Kabla hujagusa kitu, angalia chupa ya akiba. Kuna alama ya FULL na ya LOW. Chupa ikiwa imejaa na tanki la kujazia liko tupu, basi maji yanatoka kwenda chupani lakini hayarudi: ama kifuniko hakivuti, ama mpira mwembamba wa kwenda kwenye chupa umepasuka na unavuta hewa. Watu hubadilisha rejeta nzima kwa sababu ya mpira huo mwembamba.

Kisha vua kinga ya plastiki iliyo chini ya injini. Ukiiacha, maji hukusanyika humo na kudondoka mbali kabisa na yalikotoka, na utakuwa unafukuza kivuli. Tandika katoni nyeupe chini, sehemu yote kutoka bampa hadi giaboksi.

Sasa tochi. Usitafute maji, tafuta alama. Kulanti ikikauka huacha ukoko mweupe wenye ukijani au ubuluu kidogo, mgumu, unaong'ang'ania chuma. Kwenye ncha ya mpira wa juu wa rejeta utaukuta kama pete nyembamba chini ya klipu, na kutoka hapo mchirizi ulioshuka ubavuni mwa plastiki. Hiyo pete ina maana maji yanapenya kidogo kidogo injini ikipoa na klipu ikilegea, halafu yanakauka. Hutaona tone, utaona ukoko tu.

Rejeta yenyewe ni alumini katikati na matanki ya plastiki juu na chini, yakiwa yamebanwa kwa meno ya alumini yaliyokunjwa. Pitisha kidole na tochi kwenye ule mstari wa meno, pembe hadi pembe. Plastiki ikiwa bado nyeusi, nzuri. Ikiwa imegeuka kahawia kama chai ya rangi, hasa kuzunguka shingo ya mpira wa juu, imeiva na siku yoyote itapasuka hata kama leo haivuji.

Uvujaji unaosumbua kuliko wote kwenye gari hili ni ule wa upande wa turbo. Turbo ya EJ20 hupozwa kwa maji, na mipira yake mifupi inaishi karibu na chuma kinachochomeka. Ikivuja, maji huangukia ekzosi na kugeuka mvuke papo hapo. Katoni yako itabaki kavu. Dalili ni harufu: ukisimama kwenye taa, harufu tamu, kama peremende iliyoungua, inaingia ndani kupitia matundu ya hewa ya dashibodi. Wakati mwingine usiku utaona moshi mwepesi ukitoka kwenye tundu la boneti. Angalia mpira unaotoka kwenye turbo kwenda tanki la kujazia, na tanki lenyewe kwenye maungio yake.

Maeneo mengine ya kupitia: mipira miwili ya hita inayoingia kwenye ukuta ulio nyuma ya injini; mpira wa chini wa rejeta na kifuniko cha themostati, ambacho kwenye injini hii kiko chini kabisa, tumboni; na bomba la maji lililo juu ya bloku, chini ya manifoldi. Hilo la mwisho likivuja, maji hutuama kwenye bonde la juu ya bloku kisha yanashuka nyuma, na mtu huapa kwamba giaboksi ndiyo inayovuja. Kulifikia lazima uvue kipoza hewa cha turbo kilicho juu ya injini, yaani intakula: bolti mbili za 12, klipu za mipira yake, na valvu ya kutolea hewa iliyofungwa pembeni. Ndani ya gari, inua zulia la mbele upapase. Likiwa na unyevu wa kunata, na kioo cha mbele kinapata ukungu wenye harufu tamu ukiwasha hita, rejeta ndogo ya hita ndiyo inayovuja.

Ukimaliza macho, pima kwa presha. Injini ikiwa baridi, jaza mfumo hadi juu, acha kifuniko cha rejeta mahali pake, funga pampu kwenye shingo ya tanki la kujazia. Piga hadi psi 15 (karibu bar 1), usizidishe. Acha robo saa. Mshale ukibaki pale pale, mfumo ni mzima ukiwa baridi. Ukishuka, sikiliza na utazame. Presha itasukuma tone litokee ambapo jana hukuona kitu. Mshale ukishuka na hakuna unyevu popote nje, hata ndani ya gari, anza kuwaza habari ya gasketi.

Je, ni gasketi ya silinda hedi?

Swali hili lijibiwe kabla hujatumia pesa. Jaza maji, funga vifuniko, washa injini ipate joto kamili, kisha tazama chupa ya akiba huku injini ikinguruma. Viputo vichache mwanzoni ni hewa iliyobaki. Viputo vinavyokuja mfululizo, vingi zaidi ukikanyaga mafuta, na maji yenye harufu ya ekzosi, ni gesi ya mwako inayopenya kuingia kwenye maji. Mafundi wengine wana kichupa chenye dawa ya buluu inayogeuka njano ikikutana na gesi hiyo. Kipimo hicho ni kizuri na hakihitaji kufungua injini.

Ikiwa ni gasketi, funga boneti. Kwenye injini ya boksa yenye silinda zilizolala ubavu, kazi hiyo inataka injini itolewe, vichwa visawazishwe kwenye mashine, na bolti zikazwe kwa mpangilio maalumu. Si kazi ya uani.

Ikiwa ni mpira au klipu

Hii ndiyo hali ya kawaida, na Jumamosi moja inatosha. Pandisha mbele ya gari, weka stendi. Weka beseni chini ya plagi ya kumwagia maji iliyo chini ya rejeta. Ifungue taratibu kwa mkono au kwa bisibisi, kwani ni ya plastiki na ni rahisi kuikata. Maji yakianza kutoka, fungua vifuniko vya juu ili yatiririke haraka. Yatatoka karibu nusu tu ya yote. Mengine hubaki ndani ya injini. Kwa kubadilisha mpira wa juu hiyo inatosha, na kama kulanti ni safi, ichuje kwa kitambaa uirudishe.

Klipu za kiwandani ni za springi. Zibane masikio kwa koleo, zisogeze nyuma kwenye mpira, usizivute juu ya shingo. Mpira wa zamani huwa umeshikana na shingo. Usiutikise kwa nguvu ukitumia bisibisi kama mtaimbo, kwa sababu shingo ya plastiki ya rejeta itavunjika na sasa una kazi mbili. Uzungushe kwa mkono hadi uachie. Ukikataa, uchane kwa kisu kwa urefu wake na uuvue kama ganda. Mpira huo hauurudishi hata hivyo.

Safisha shingo zote mbili. Ukoko wa kulanti utolewe wote kwa msasa laini na maji, hadi kidole kipite bila kukwama. Watu huruka hatua hii, kisha mpira mpya unavuja pale pale na lawama zinaenda kwa muuza vipuri. Lowesha shingo kwa kulanti kidogo, si grisi wala oili, sukuma mpira hadi ugote kwenye kingo, kisha irudishe klipu nyuma ya uvimbe wa shingo, katikati ya uvimbe na mwisho wa mpira.

Kuhusu mipira ya silikoni ya rangi, ile nyekundu na buluu inayopendwa na vijana wa Subaru: hustahimili joto vizuri, ila ni laini. Klipu ya skrubu yenye matundu huikata kidogo kidogo, na ikibanwa kidogo hupenyeza maji asubuhi za baridi, Limuru na Nyahururu hasa. Ukiitaka, tumia klipu yenye utepe laini wa ndani, na uikaze tena baada ya injini kupata joto na kupoa mara moja. Mimi kwa gari la kila siku naweka mpira mweusi wa orijino na klipu zake za springi. Springi hufuata mpira unapotanuka na kunywea, skrubu haifuati.

Tena, ukipata mmoja umepasuka, wenzake ni wa umri huohuo. Nunua wa juu, wa chini na miwili ya hita kwa pamoja, na ile mifupi ya turbo kama unaweza kuifikia. Kirinyaga Road, Nairobi, utaonyeshwa mipira iliyotolewa kwenye injini za Japani. Injini hizo ni nzuri, lakini raba haihesabu kilomita, inahesabu miaka.

Ikiwa ni rejeta

Usitie yai, wala pilipili manga, wala unga wowote wa kuziba unaouzwa kwenye chupa. Kweli unaziba tundu. Unaziba pia mirija ya rejeta ya hita na njia nyembamba za maji ya turbo, na hizo hakuna atakayezizibua. Kama umekwama Mai Mahiu usiku, injini ikishapoa tia maji ulegeze kifuniko hatua moja ili presha isipande, endesha polepole macho kwenye geji, simama kila inapopanda. Hiyo ni dharura ya kukufikisha kwenye usalama tu.

Kuivua rejeta ni rahisi kuliko inavyoonekana. Mwaga maji, chomoa soketi mbili za umeme za feni, vua mpira wa juu na wa chini na ule mwembamba wa akiba. Gari la giaboksi otomatiki lina mipira miwili zaidi chini, ya mafuta ya giaboksi. Izibe mara moja kwa plagi safi na uweke alama ipi ni ipi. Kisha fungua mabano mawili ya juu, bolti za 12, uinue rejeta pamoja na feni zake moja kwa moja kwenda juu. Miguu yake ya chini imekaa kwenye raba. Hakikisha zimebaki mahali pake. Hamisha feni kwenda rejeta mpya, zungusha kila moja kwa kidole uone haigusi.

Ukinunua rejeta ya alumini tupu, iliyochomelewa, angalia kama ina plagi ya hewa kwenye kona ya juu na kama shingo zake zina ule uvimbe wa kushikilia mpira. Nyingine za bei nafuu zina shingo laini kama bomba la maji la nyumbani, na mpira huteleza ukitoka presha ikipanda.

Themostati na pampu ya maji

Themostati inafikiwa kwa chini, bolti mbili za 10, na inavuja kwenye raba yake ya duara. Badilisha raba na themostati pamoja. Chukua ya orijino. Ni nene na pana kuliko nyingi za bei rahisi, na tofauti unaiona ukiziweka bega kwa bega kwenye kaunta. Kabla ya kuitoa ya zamani, tazama kile kipini kidogo kinachochezacheza kimeelekea wapi, na mpya uipange vivyo hivyo.

Kuna fundi atakayekuambia, "Bosi, hii themostati tuitoe tu, huku kwetu ni joto." Mshukuru, kataa. Bila themostati injini haifiki joto lake barabarani, kompyuta inadhani bado ni asubuhi na inaendelea kumwaga petroli nyingi, oili inachafuka upesi na injini inalika. Na kwenye foleni itapanda joto vilevile, kwa sababu tatizo la foleni ni feni na presha.

Pampu ya maji ni hadithi nyingine. Maji yakidondoka kutoka chini ya vifuniko vya plastiki vya mbele ya injini, na juu yake hakuna mpira uliolowa, shuku pampu. Inaendeshwa na mkanda wa taimingi, kwa hiyo kuifikia ni kuvua mkanda wote. Injini hii mkanda ukiruka meno au kukatika, valvu zinagongana na pistoni. Kama hujawahi kupanga alama za taimingi za kemushafti nne, mpe fundi anayejua Subaru, na kwa kazi hiyohiyo abadilishe mkanda, pampu, themostati na puli zote. Mkanda wenyewe hubadilishwa kila kilomita 100,000. Kama gari umelinunua bila kumbukumbu ya huduma, hesabu kwamba wakati umefika.

Kujaza na kutoa hewa

Hapa usiharakishe. Hewa ikibaki ndani hukusanyika kwenye hita na karibu na vichwa vya silinda, na sehemu hiyo inaungua huku geji ikionyesha katikati kwa utulivu kabisa.

Hakikisha plagi ya chini imefungwa. Gari lisimame tambarare, au pua ikiwa juu kidogo. Weka hita kwenye joto la mwisho. Fungua ile plagi ndogo ya plastiki kwenye kona ya juu ya rejeta. Ni laini, tumia bisibisi inayoijaa. Sasa jaza kupitia tanki la kujazia lililo jirani na turbo, polepole, kwa faneli. Simama kila baada ya lita moja ubinye mpira wa juu na wa chini kwa mkono. Utasikia gulu-gulu na kiwango kitashuka. Endelea. Kwenye plagi ya hewa yakianza kutoka maji yasiyo na povu, ifunge. Jaza rejeta hadi shingoni, funga kifuniko chake. Jaza tanki hadi shingoni. Chupa ya akiba iwe kwenye FULL.

Funga kifuniko cha tanki, washa injini, ipandishe mara tano au sita bila kuvuka mizunguko 3,000 kwa dakika, kisha izime. Subiri ipoe kiasi cha kushika mpira wa juu bila kuungua na bila kuhisi presha, fungua tanki ukiwa na taulo zito mkononi, ongeza kilichopungua. Rudia hadi kisipungue tena. Halafu iache ingurume hadi feni ziwake na kuzima mara mbili. Hita inatakiwa itoe hewa ya moto mfululizo; ikitoa moto, ikipoa, ikitoa moto tena, bado kuna hewa. Mipira ya juu na ya chini yote iwe moto. Wa juu ukichoma na wa chini ukiwa baridi muda mrefu, themostati haijafunguka au kuna hewa imeikalia.

Zima, acha usiku kucha. Asubuhi fungua tanki la kujazia kabla ya kuwasha gari. Kwa kawaida kikombe kimoja kitakuwa kimepungua, ongeza. Fanya hivyo asubuhi tatu mfululizo. Kiwango kikitulia siku ya pili au ya tatu, umemaliza, rudisha ile kinga ya chini. Kikiendelea kushuka, kodi tena ile pampu ya presha, na safari hii anzia upande wa turbo.

Kulanti ya zamani usiimwage kwenye mtaro wala kwenye shamba la sukuma. Itie kwenye jeri kani lenye kifuniko, andika juu yake kwa kalamu nene, uipeleke gereji inayokusanya oili chafu na uwaulize kama wanaipokea.